Nimepunguza vijiko vya maziwa ya mtoto ili nilipe marejesho

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Mbagala, nina mtoto wa kike wa miezi 11. Nauza kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo, mshahara unaofika mkononi ni 420,000. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mkataba. Akishatoa hesabu ya 10,000 na mafuta, analeta nyumbani kama 8,000 kwa siku, siku sita za wiki. Imebaki miezi minne pikipiki iwe yake.

Madeni yangu ni haya. Kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kubwa, nilichukua 200,000, rejesho 10,000 kila siku kwa siku 26. Nililipa siku tisa nikakwama, sasa pamoja na faini wanadai 210,000, wameandika friji na runinga kuwa dhamana, na kadi yangu ya benki wanayo wao pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara nakimbilia benki kutoa kaunta kabla yao. Programu ya mikopo ya kwenye simu niliomba 100,000 wakaniingizia 82,000, sasa wanataka 146,000 na wanawatumia meseji watu waliomo kwenye simu yangu. Songesha, mkopo wa kwenye M-Pesa, nadaiwa 58,000. VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, 260,000, ingawa nina hisa za 180,000. Dada yangu 250,000. Dukani kwa Mangi 46,000. Mume anajua la VICOBA, la dada na la Mangi tu.

Matumizi ya mwezi: kodi 80,000, chakula 210,000, mlezi wa mtoto 60,000, nauli kama 36,000, umeme na maji 25,000, gesi na mkaa 30,000, vocha 10,000, mahitaji ya mtoto 70,000, na makopo mawili ya maziwa 64,000. Inabaki kama 40,000 na haitoshi kokote. Mwezi huu nimeanza kupunguza vijiko vya maziwa ili kopo lifike tarehe. Bado ananyonya usiku. Afisa wa kausha damu anasema nichukue 500,000 nilipe yote nibaki na deni moja. Jirani anasema nisubiri mkopo wa halmashauri. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye kijiko.

Maziwa ya kopo yana kipimo chake, vijiko kadhaa kwa kiasi fulani cha maji. Ukipunguza vijiko na kuacha maji palepale, mtoto anajaa tumbo lakini hapati chakula. Atalala, atanyamaza, utadhani ameshiba. Utakuja kujua siku ya mizani, mstari kwenye kadi ya kliniki utakapolala au kushuka. Leo jioni rudisha kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Najua kopo litaisha kabla ya tarehe, na hapa chini nitakwambia la kufanya.

Nakuwekea hili mbele ya hesabu kwa sababu nina deni langu mwenyewe la moyoni. Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka 11 katika taasisi moja ya mikopo midogo, upande wa Temeke. Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa watu na daftari. Kulikuwa na mama mmoja asiyechelewesha rejesho hata siku moja, na kwenye vikao tulimtolea mfano kwa wengine. Mwaka ule na mimi nilikuwa na mtoto mchanga, nikakutana naye kwenye foleni ya mizani. Mtoto wake alikuwa mdogo kuliko umri wake kwa namna ambayo mama yeyote angeiona kwa macho. Aliniambia bila hasira kwamba huwa anatoa rejesho kwanza, kinachobaki ndicho wanachokula. Fedha ile niliipokea kwa mkono wangu huu. Tangu siku ile kila mtu anayenijia na madeni namuuliza kwanza mtoto anakula nini, na chakula cha mtoto nakiandika juu ya ukurasa kabla ya jina la mdai yeyote.

Basi tuandike ukurasa wako. Mshahara 420,000. Mume, siku 26 kwa 8,000, ni 208,000. Jumla 628,000. Matumizi uliyoyataja bila maziwa ya kopo ni 521,000 na ushei. Ukiweka kopo, inabaki hiyo 40,000 uliyoiona. Bila kopo inabaki 106,000. Tofauti ya maisha yako kwa miezi hii iko hapo, kwenye 64,000 ya makopo mawili, na bahati nzuri ni kwamba mtoto wako anaweza kula vizuri zaidi bila makopo hayo kuliko anavyokula sasa kwa kopo lililopunguzwa.

Umesema bado ananyonya usiku. Hiyo ni hazina. Maziwa hutoka kadiri yanavyonyonywa, kwa hiyo ukimnyonyesha asubuhi kabla ya kutoka, mara tu unaporudi, na siku nzima ya mapumziko, yataongezeka. Tena sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kutoka Kariakoo mpaka Mbagala mchana na kurudi haiwezekani, lakini unaweza kukaa na bosi wako mkubaliane utoke mapema kidogo, au upate mahali pa faragha na dakika ishirini za kukamua. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba wana haki hiyo. Ongea naye kwa adabu, mwambie sheria inasema hivi, naomba tupange saa zisizoumiza duka. Maziwa uliyokamua usiku au alfajiri ukiyaweka kwenye friji hayaharibiki siku nzima, mlezi anampa kwa kikombe safi. Ndiyo maana friji hiyo tutaipigania.

Mchana mtoto wa miezi 11 anatakiwa ale chakula hasa: uji mzito uliotiwa karanga iliyosagwa laini, yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, mchicha, parachichi, ndizi. Hivyo vyote vinaingia kwenye ile 70,000 ya mahitaji yake, hasa ukipunguza pampasi, mchana nepi za kitambaa na pampasi ya usiku peke yake. Akitimiza mwaka, mwezi ujao, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanamfaa, kikombe kimoja hata viwili. Lakini usiache kopo kwa neno langu peke yangu. Wiki hii mpeleke kliniki apimwe uzito, umweleze muuguzi ulivyokuwa unapunguza vijiko, umuulize kama mpango huu unamfaa mtoto kwa uzito alio nao. Akisema mtoto amepungua na kopo liendelee kwa muda, kopo litaendelea na wadai watasubiri. Kwenye vituo vya serikali, kwa sera ya nchi, matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano hayalipiwi, na chanjo ni bure. Kwa hiyo usiogope kwenda kwa sababu ya fedha.

Sasa wadai. Nimekuta watu wengi wakiwalipa kwa kufuata kelele: anayepiga simu mara kumi analipwa leo, aliyekaa kimya anasahaulika. Mimi nakuuliza jambo lingine kabisa: nani akikosa fedha yake anaweza kukuangusha? Kwa ukurasa wako, wa kwanza hayumo hata kwenye orodha yako ya madeni. Ni mwenye pikipiki. Hesabu ya 10,000 ikikatika, anaichukua, na miezi yote mliyolipa inapotea, na 8,000 ya kila siku inapotea. Ikifika mwisho wa miezi minne, 10,000 hiyo inabaki nyumbani kwenu. Kwa siku 26 ni 260,000 kwa mwezi. Unaona? Deni lako lote ni 970,000, na baada ya miezi minne mtakuwa na nguvu mara tatu ya mliyo nayo leo. Kazi yako sasa ni kuvuka miezi minne bila kuvunja kitu. Kwa hiyo hesabu ya pikipiki na kodi ya nyumba vinakaa pamoja na chakula, juu ya mdai yeyote.

Afisa anayekwambia uchukue 500,000 mkatalie leo. Nilikaa kiti hicho, najua maneno hayo yanatoka wapi. Afisa anapimwa kwa mikopo aliyotoa na marejesho aliyokusanya, na mteja aliyekwama akipewa mkopo mkubwa zaidi, kwenye daftari la ofisi anaonekana amelipa. Hesabu yenyewe ni hii. Kwa riba yao ileile, 500,000 inarudi 650,000 kwa siku 26, yaani 25,000 kila siku. Kipato chenu wote wawili, mshahara wako na fedha ya mume, ukikigawa kwa siku 26 ni 24,000 na kidogo. Utakuwa unampa yeye kila senti inayoingia na bado umepungukiwa, kabla hata ya kununua unga.

Na huo mkopo wa kwanza nao tuutazame vizuri. Riba ya 60,000 juu ya 200,000 inaonekana asilimia 30. Kwa kweli ni zaidi, kwa sababu hukai na laki mbili mwezi mzima. Kila siku unarudisha 10,000, kwa hiyo kwa wastani unakuwa na kama laki moja tu ya fedha yao mkononi, na kwa laki moja hiyo unalipa 60,000. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wa aina hii, wanaokopesha bila kupokea amana, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na wanawekwa daraja la pili. Riba ya daraja hilo haipaswi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 ni 7,000. Wewe uliandikiwa 60,000.

Kwa hiyo Jumamosi hii nenda ofisini kwao ukiwa na mtu mzima mmoja wa kukushuhudia, uombe vitu viwili kwa maandishi: nakala ya mkataba wako, na mchanganuo wa deni unaoonyesha fedha ya msingi, riba na faini kila moja peke yake. Angalia kwenye tovuti ya Benki Kuu kama jina lao limo kwenye orodha ya wenye leseni. Kisha toa pendekezo lako. Umelipa 90,000. Msingi uliobaki ni 110,000, riba halali ya mwezi ni 7,000, mimi ningependekeza 120,000 kwa miezi miwili: 30,000 mwezi huu, 90,000 mwezi ujao, na wasaini kwamba hapo deni limekwisha. Kama wana leseni, wanajua kikomo cha riba na hawapendi kuitwa Benki Kuu. Kama hawana, hawapendi kuitwa kokote. Wakikataa, peleka malalamiko kwao kwa barua kwanza, uweke nakala iliyopigwa muhuri au iliyosainiwa na aliyeipokea, kisha yapeleke Benki Kuu pamoja na mchanganuo wao. Sikwambii ukimbie deni. Fedha uliipokea, utairudisha. Nakwambia urudishe unachodaiwa kwa haki.

Kadi ya benki usiingoje wakurudishie. Jumatatu asubuhi nenda benki na kitambulisho chako, uifunge, uombe mpya, ubadili namba ya siri. Mtu akishakuwa na kadi na namba, mshahara wako ni wake. Na wakija nyumbani kubeba friji, usipigane, usifungue mlango kwa hofu pia. Hakuna mkopeshaji mwenye haki ya kuvunja mlango wako au kukutukana mbele ya watu. Mwite mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, wazungumze mbele yake, na kila kitu kiandikwe. Wakikutishia polisi, kumbuka deni la mkataba ni shauri la madai. Kushindwa kulipa si jinai. Ukihitaji mtu wa kukusomea mkataba, uliza ofisi ya mtendaji wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu, huduma yao haina malipo.

Programu ya simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali. Tazama kama yako imo, na kama haimo, tazama kama ina leseni. Uliingiziwa 82,000. Ukiongeza riba ya asilimia 3.5 unafika kama 85,000, na hicho ndicho cha kuwaandikia kwamba utalipa mwezi wa tatu kuanzia sasa, kwa mkupuo mmoja. Watapiga kelele sana kabla ya hapo. Nguvu yao pekee ni aibu yako, hawana friji wala mdhamini. Kwa hiyo wavue silaha hiyo wewe mwenyewe: andika meseji fupi kwa watu wako wa karibu na bosi wako, kwamba kuna wakopeshaji wa mtandaoni wanatumia namba zilizochukuliwa kwenye simu yako, wakipata ujumbe wowote wasiujibu na wasilipe chochote. Utaona haya kwa siku moja tu, na meseji yao ikifika haina habari mpya. Kila ujumbe wa matusi upige picha ya skrini uhifadhi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake inayopokea malalamiko, na kuchukua namba za watu wako ili kukuaibisha ni jambo la kupeleka huko. Kisha ifute programu hiyo, na kwenye mipangilio ya simu uhakikishe hakuna programu nyingine ya mikopo yenye ruhusa ya kusoma namba zako.

Songesha iko chini kwa ukubwa lakini ndiyo ninayotaka uimalize kwanza, mwezi huu huu. Ina ada inayoendelea kuhesabiwa, na fedha ikiingia kwenye laini yako inakatwa yenyewe kabla hujaishika. Maana yake mume akikutumia 8,000 ya chakula, umelipa deni bila kuamua. Mpaka uimalize, fedha ya chakula mpeane mkononi. Ukishaimaliza, jitoe kwenye huduma hiyo. Huduma yenyewe si haramu, ila mtu anayevuka kipindi kama chako hafai kuwa na mkopo unaopatikana kwa kubonyeza kitufe saa tano usiku.

VICOBA nenda kikaoni. Usitume mtu, usijifanye mgonjwa. Kinachowaumiza wanakikundi ni kuona mwenzao amepotea, kwa sababu waliokudhamini ndio watakaokatwa. Simama uwaambie: nadaiwa 260,000, hisa zangu ni 180,000, kwa hiyo hatari yenu kwangu ni 80,000, na ninaomba mnipumzishe miezi mitatu, mwezi wa nne naanza. Ukisema kwa takwimu hivyo, kikundi kinachojielewa kitakusikiliza. Wanaweza kukutoza faini kidogo kwa mujibu wa katiba yao, ikubali. Usikubali kuchukua mkopo mwingine wa kikundi ili ulipe kausha damu, maana hapo utakuwa umechukua tatizo la mgeni ukawabebesha dada zako.

Mkopo wa halmashauri jirani yako amekosea. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na kweli haina riba. Lakini ni ya vikundi vyenye mradi. Ukiichukua ukalipie madeni, mradi utakufa na wenzako watabeba. Ikumbuke mwakani, ukiwa huna deni.

Dada yako mpigie leo. Deni la ndugu halina riba, na ndilo linaloua undugu kwa sababu hakuna anayelitaja. Mwambie ukweli: nitakulipa kuanzia mwezi wa tano toka sasa, laki na kumi, mwezi wa sita zilizobaki. Atapumua kujua tarehe. Mangi mpe kidogo kila mwezi, na ununuzi mpya uwe taslimu. Siku ya mshahara nunua unga, mchele, mafuta na sukari ya mwezi kwa jumla huko huko Kariakoo ulipo kazini, maana mafuta ya kupima na unga wa nusu kilo vinakula fedha yako taratibu bila kuonekana.

Ukipanga hivyo, miezi inakaa hivi. Mwezi wa kwanza, katika ile 106,000, Songesha inachukua 58,000, kausha damu 30,000, Mangi 8,000, na 10,000 unaificha kwa ajili ya homa ya usiku. Hiyo 10,000 usiiguse kwa mdai yeyote, kwa sababu kinachowarudisha watu kwenye kausha damu ni homa ya mtoto saa nane usiku na hakuna nauli ya bajaji. Mwezi wa pili kausha damu 90,000, Mangi 6,000, akiba 10,000. Wa tatu programu ya simu 85,000, Mangi 11,000, akiba 10,000. Wa nne Mangi anamalizika na 21,000, VICOBA wanapata 75,000, akiba 10,000. Hapo pikipiki imekuwa yenu. Mwezi wa tano ongezeko la 260,000 linaingia, ila 60,000 iwekwe kwa ajili ya matairi, bima na matengenezo, kwa sababu sasa ni juu yenu. Inabaki kama 306,000: VICOBA unawamalizia 185,000, dada 110,000. Mwezi wa sita dada anapata 140,000 ya mwisho. Hisa zako zote ziko palepale.

Hesabu hiyo inategemea kausha damu na wa mtandaoni wakubali 120,000 na 85,000. Wasipokubali kitu kabisa, ongezeko ni 151,000, na mwezi wa sita bado una nafasi ya kulibeba. Kwa hiyo hata wakigoma hujaanguka.

Limebaki la mume, na hili limenichukua muda kulifikiria. Mpango huu hauwezi kwenda bila yeye. Miezi minne ya kulinda pikipiki ni yake, fedha ya chakula ya mkononi ni yake, na wakija kubeba friji atakuwepo. Tena kama programu inatuma meseji kwa watu, kuna siku itamfikia yeye, na ni bora alisikie kwako. Chagua siku asiyotoka barabarani amechoka, mtoto amelala. Weka karatasi mezani, yenye madeni yote sita na miezi yote sita. Mtu akiambiwa "tunadaiwa" bila mwisho anaogopa na anakasirika. Akiona mstari wa mwisho umeandikwa mwezi, anakaa kwenye kiti. Mwambie ulikopa kwa nini, bila kujitetea sana. Muulize na yeye kama ana deni ambalo hajakwambia, na akikwambia, usipige kelele. Nimekaa na wanandoa wengi kwenye meza kama hiyo, na mara nyingi kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake jambo lilelile. Ila kama una sababu ya kuogopa mkono wake, usimwambie mkiwa peke yenu. Mwite dada yako au mtu mzima anayemheshimu akae nanyi.

Ukitoka kliniki na ukitoka kikaoni, niandikie mambo mawili tu: uzito wa mtoto, na kikundi kimekubali nini. Kama kikundi kimekataa kukupumzisha, mwezi wa pili na wa tatu itabidi tuvipange upya, na nitakuandikia hesabu mpya wiki hiyo hiyo.